Okidi ya Jattani

Bulapesa, Isiolo
14 Novemba 2021

Ndugu yangu Wario,

Salaam aleikum. Nakusalimia wewe, mke wako Istahil, watoto, na ngamia waliobaki kama wamebaki. Huku sisi ni wazima, ukiondoa goti langu na presha, na hivyo viwili umevizoea. Maziwa ya ngamia yamekuwa haba mpaka sisi wanawake wa sokoni tunagombania dumu moja kama watoto. Mvua hakuna. Wingu linakuja mpaka juu yetu, linatuangalia, linarudi zake Meru.

Barua hii anakuletea Ado, yule dereva wa lori la unga. Nimeandika kwa sababu simu yako imekufa tangu mwezi wa kumi, na ya mwanangu Jattani pia. Naambiwa mnara wenu umeharibika. Sawa. Lakini wenzako wa Sericho wanapanda kile kilima wanapata mtandao na wanaongea na watu wao. Wewe kilima kimekushinda?

Mwambie Jattani okidi yake iko hai. Wewe hukuiona, kwa hivyo wacha nikueleze nilivyoachiwa mtihani. Walipopunguza watu kwenye shamba la maua alikofanya kazi kule Timau, wenzake walitoka na mablanketi. Yeye alitoka na kipande cha gome la mti, na juu yake mmea umefungwa kwa uzi. Nilitaka kuutia kwenye mkebe wenye udongo, kama binadamu yeyote angefanya. Alipiga kelele majirani wakatoka. "Mama, utaiua! Hiyo mizizi inapumua!" Basi inaning'inia kwenye ukuta wa chumba cha ndani, karibu na dirisha lenye pazia, mizizi nje nje. Mizizi ni ya kijivu. Ukiinyunyizia maji inageuka kijani ukiangalia.

Na maji yenyewe si maji yoyote. Ya bomba letu yana chumvi, haiyataki, inaungua ncha za mizizi. Inataka ya mvua. Niitoe wapi mvua mimi? Abiba wa duka la juisi ndiye ananiokoa. Ananikwangulia barafu ya friji, ikiyeyuka ni maji matamu kabisa. Nanyunyizia asubuhi, na mchana natundika gunia bichi kando yake joto lisiipige. Watu wanakuja kuniuliza kama ni dawa. Nawaambia ni mkwe wangu, ndiyo maana nateseka hivi.

Sasa imetoa kikonyo, na kwenye kikonyo kuna matumba, madogo kama mbegu za mpapai. Mkumbushe alichoniambia siku aliyopanda lori kuja kwako kukusaidia na ngamia. Alisema, "Mama, hiyo ikifunguka nitakuwa hapa. Harufu yake hutoka wakati wa magharibi jua likizama, nyumba yote inajaa. Tutainusa pamoja." Nikamwambia usiniahidi mambo kwa ua. Akacheka. Lakini aliahidi.

Chicho chake, kile chombo cha kusukwa cha maziwa, nakifukiza kila jioni pale uani kwa kijinga cha mti wa ejersa, kama mama yetu alivyokifukiza chako ulipokuwa mbali na mifugo. Chombo cha mtu aliye safarini hakiachwi kikanuka baridi. Siku akifika atanywea siku hiyo hiyo.

Mwambie aandike. Hata mstari mmoja, hata wa matusi.

Dada yako,
Tache


Sericho
19 Desemba 2021

Dada yangu Tache,

Waaleikum salaam. Barua yako ilifika imejaa unga, Istahil akasema tuikung'ute tupike uji. Anakusalimia sana. Watoto hawajambo. Ng'ombe usiniulize. Ngamia waliobaki wako mbali na malisho, na wale wa hapa wamekonda mpaka nundu zimelala upande. Boza la maji la kaunti likija watu wanakanyagana, likikosa kuja watu wanakaa kimya, na hicho kimya ndicho kibaya.

Kilima kimenishinda kweli. Nilivunjika mguu mwezi wa kumi, chini ya goti. Mzee mmoja wa hapa ameufunga kwa vijiti. Nimelala kwenye hema kama gunia la chumvi, nageuzwa asubuhi na jioni. Usianze kupandisha presha kwa ajili ya mguu wangu, utapona.

Nimefurahi kusikia okidi imetoa kikonyo. Mambo ya hilo ua nimeyasikia yote kwa mwanao. Tukinywesha ngamia alinisomesha mpaka mimi mzee nikajua kwamba lina mkia mrefu na kwamba kule porini nondo ndiye hulifuata kwa harufu. Nilimwambia kijana wa Kiborana anaongea juu ya maua, watu watatucheka. Akasema wacheke.

Kuhusu yeye kuandika, dada, nitakuja mwenyewe tuongee. Mguu ukishika tu, nitapanda lori la Ado. Nakuomba unisubiri. Usiwaulize watu wanaotoka huku, watu wanaongea ovyo.

Kula vizuri. Meza dawa zako zote, si zile unazozipenda tu.

Ni mimi mdogo wako,
Wario


Bulapesa, Isiolo
25 Januari 2022

Wario,

Salaam aleikum. Pole kwa mguu. Mpe Istahil salamu zangu, umwambie akusugue kwa mafuta ya kondoo hata ukilia. Huku tuko. Jirani yangu Peris, yule Mturkana wa kanisa la hapo juu, ameuza mbuzi wake wa mwisho, siku hizi anachoma mkaa. Mimi bado nina kibanda changu cha maziwa na dumu moja la kuwagawia watu tone tone.

Matumba yameanguka, yote. Yalikuwa yameshakuwa meupe, yamevimba, nikasema wiki hii yatafunguka. Kisha yakaanza kuwa ya manjano, moja moja, asubuhi nayakuta sakafuni. Nimefagia, nimetupa. Sijui kosa ni nini. Maji ni yale yale, gunia ni lile lile. Labda ni huu upepo, maana siku hizi una vumbi baya mpaka hata kufukiza chicho nimehamia ndani, kwenye chumba hicho hicho, nafunga mlango. Moshi wa ejersa ni mzuri, nyumba inanukia kwetu.

Hata hivyo mmea wenyewe haujambo. Utatoa kikonyo kingine. Yeye alisema ikifunguka. Haijafunguka, kwa hivyo hajachelewa.

Abshir, yule mnunuzi wa mbuzi, alipita kibandani mwezi uliopita akitoka kwenu. Alinishika mkono, akainamisha kichwa, akaanza, "Mama Jattani, Mungu akupe..." Nikamuuliza anataka maziwa lita ngapi. Akaniangalia. Nikamuuliza tena. Akanunua lita moja akaenda, hata hanywi maziwa ya ngamia huyo, tumbo linamsumbua.

Usije. Mguu uliovunjika haupandi lori, na barabara ile inamvunja hata mtu mzima. Kaa huko mpaka mvua.

Tache


Sericho
3 Machi 2022

Dada yangu,

Waaleikum salaam na rehema za Mungu. Sisi tupo. Nasimama kwa fimbo. Mguu umeshika lakini umepinda, natembea kama fisi. Watoto wamefurahi, wanacho cha kuiga.

Pole kwa matumba. Maua ya aina hiyo huwa na kiburi, siwezi kusema zaidi. Endelea na maji ya Abiba.

Tache, sina furaha. Chakula hakishuki. Istahil ameacha kuongea na mimi isipokuwa kuniambia jambo moja, kila asubuhi, jambo lile lile: nenda Isiolo. Wewe ni mkubwa wangu, unajua mila yetu kuliko mimi. Kuna habari za mtoto ambazo mjomba wake ndiye huzibeba kwa mdomo wake mpaka kwa mama. Haziandikwi kwenye karatasi, hazipigwi kwa simu. Ndiyo maana hata ningekipanda kilima nisingekupigia. Ungesikia sauti yangu.

Mwezi ujao ni Ramadhani. Nitajikaza nije kabla ya Idd. Tafadhali uwe nyumbani, usiende kwa jamaa Kipsing wala popote. Na Abiba awe karibu na wewe siku hiyo.

Mdogo wako,
Wario


Bulapesa, Isiolo
9 Mei 2022

Wario,

Salaam aleikum. Idd imepita. Kwetu tulichinja kuku, kwa sababu mbuzi wamebaki kuwa wa kusimuliwa. Nimesikia kwamba ulifika mpaka kwa Ado ukiwa na mfuko na fimbo yako, akakataa kukupakia. Usimlaumu. Mimi ndiye nilimwambia. Nilimwambia akikupakia kuja Isiolo asikanyage tena kibanda changu, na chai yangu ataisikia kwa wengine.

Unaandika "habari, habari". Nani amekuomba habari? Mimi nilikuomba mstari mmoja kutoka kwa mwanangu. Kama huna, kaa na usichonacho. Mimi nina kazi. Nina okidi ya kutunza, nina maziwa ya kuuza. Wewe na Istahil kama mmekosa la kufanya asubuhi, chungeni ngamia.

Ilitoa kikonyo kingine katikati ya Ramadhani. Matumba yalikuwa manono kuliko ya kwanza. Nayo yameanguka siku mbili kabla ya Idd. Nimeyaokota, nimeyatia kwenye kikombe, sikuyatupa safari hii. Chicho sasa nakifukiza asubuhi na jioni. Abiba anasema nyumbani kwangu macho yanawasha, anauliza ninakausha nyama gani humu ndani. Nimemwambia kila mtu ashughulike na friji yake.

Nimemshonea kanzu ya Idd. Fundi aliuliza vipimo nikamwambia urefu wake ni wa mlango wangu, akiingia huinama. Iko kwenye msumari, chini ya okidi.

Sitaki uje. Umesikia, Wario? Mimi ndiye nilikubeba mgongoni mama alipokuwa mgonjwa. Hilo moja tu unifanyie. Usije.

Tache


Sericho
17 Agosti 2022

Dada yangu Tache,

Waaleikum salaam. Uchaguzi umepita huku salama. Walikuja wagombea na magari, wakatuahidi maji, wakaondoka na vumbi lao. Ngamia wawili walizaa, ndama mmoja amebaki. Istahil amekonda. Anakusalimia, na safari hii amenikalia hapa mpaka nimalize kuandika.

Barua yako ya mwezi wa tano imekaa kwenye mfuko wangu wa shati mpaka imechanika kwenye mikunjo. Nimeisoma nikiwa na hasira na wewe, kisha nikiwa na hasira na mimi. Leo nitakuambia jambo moja ambalo naweza kuliandika. Lile lingine siwezi.

Ni moshi, Tache. Moshi ndio unaangusha matumba. Jattani aliniambia mwenyewe tukiwa tunavuta maji. Alisema kule Timau hawakuruhusu hata mtu avute sigara karibu, kwa sababu moshi kidogo tu, matumba yanakuwa ya manjano na kuanguka. Uliponiandikia mwezi wa kwanza kwamba unafukizia chicho ndani na mlango umefungwa, nilijua hapo hapo. Sikukuambia. Nilikuandikia eti maua yana kiburi.

Nilifurahi yalipoanguka. Ndiyo, nilifurahi, Mungu anaona. Kwa sababu nilijua siku yakifunguka utaacha mlango wazi, utakaa uangalie njia, na mimi niko huku nimelala na mguu. Nikasema heri yasifunguke mpaka nifike. Kisha ukanifungia njia, na mimi nikaona raha kufungiwa. Ni hivyo tu. Niliogopa macho yako, na wewe ukanipa ruhusa ya kuogopa.

Lakini kuna mtu anaumia kuliko sisi wawili. Alisomewa dua na mama yake hayuko pale. Sisi tulisoma, wazee walisoma, Istahil alisoma mpaka sauti ikakauka. Mama yake bado. Siwezi kulala juu ya hilo tena.

Kwa hivyo nakuambia: toa kijinga nje. Fukizia uani, au usifukize. Kisha umwambie Ado anipakie.

Wario


Bulapesa, Isiolo
6 Novemba 2022

Ndugu yangu Wario,

Salaam aleikum wewe na Istahil na watoto. Goti linauma, presha iko pale pale, mvua bado. Hayo tumemaliza.

Unafikiri ulinificha mambo ya moshi? Jattani aliniambia siku ya kwanza, kabla hata hajapigilia msumari ukutani. Aliniambia, "Mama, kwa udongo nimekusamehe, lakini kwa moshi sitakusamehe." Kwa nini unafikiri nilikuwa nafukizia uani miezi yote ile? Kijinga nilikiingiza ndani jioni ile ile Abshir aliponishika mkono. Nilifunga mlango, nikafukiza mpaka nikakohoa, nikiyaangalia matumba. Yalipoanguka nilifagia, kisha nikakaa nikakuandikia kwamba sijui kosa ni nini. Uongo ule niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Alisema ikifunguka atakuwa hapa. Basi nikasema haitafunguka. Ilikuwa kazi rahisi. Asubuhi nainywesha maji matamu isife, jioni naipiga moshi isifunguke. Abiba alidhani nimepagawa. Huenda alikuwa sawa.

Barua yako nilipoisoma nilikutukana kwa sauti hapa jikoni. Nilikutukana siku nyingi. Kilichonikaa ni pale uliposema mama yake bado. Nilitandika mswala nikasimama nimwombee dua, nikashindwa kuchagua dua ya nani, ya aliye safarini au ya aliyeondoka. Nimekuwa nikimwombea dua ya safari mwaka mzima, Wario. Mtoto amelala mchangani, na mimi namwombea barabara nzuri.

Mwezi uliopita ikatoa kikonyo cha tatu. Kidogo, na matumba manne tu, mmea umechoka na mimi. Jioni nilikiwasha kijinga kama kawaida, nikashika chicho, nikafika mlangoni mwa chumba. Nilisimama pale. Kisha nikarudi uani nikakimwagia kijinga maji. Chicho nikakianika juu ya paa. Sijakifukiza tena mpaka leo.

Jana, baada ya swala ya magharibi, nilikuwa bado kwenye mswala. Harufu ilikuja taratibu, nikadhani ni mtu amepita na marashi. Si waridi, si udi. Ni tamu na baridi, inafanana na shingo ya mtoto mchanga ukishamwogesha. Niliingia chumbani. Matatu yamefunguka, meupe kabisa, yamekaa kama nyota, kila moja na mkia wake mrefu. Nyumba yote ilijaa, kama alivyosema. Abiba alisikia akiwa dukani kwake, akaja bila viatu. Nilimwomba aende.

Niliacha mlango wazi. Nilikaa chini ya ile kanzu. Nilimpa nafasi, ndugu yangu, sikumfanyia haraka. Mtu mmoja alipita njiani na moyo ukaruka, wallahi, nikiwa na akili zangu zote ukaruka. Alikuwa anakwenda zake msikitini. Adhana ya isha ikaita, harufu ikiwa bado imejaa, na hajaja.

Yule mtoto hakunidanganya hata siku moja. Kama angekuwa na miguu angekuwa hapa.

Kwa hivyo tua huo mzigo. Mjomba haandiki habari hii, najua, hiyo ni mila na umeishika. Lakini hakuna aliyesema mama asiiandike. Mwanangu Jattani amekufa. Kisima kilimwangukia akiwa chini akiwajazia ngamia maji, na wewe ulivunjika mguu ukimchimba kwa mikono mpaka ukuta ukakuangukia na wewe. Hayo ya kisima na ya mguu Ado aliniambia tangu zamani, nikamkataza asiyarudie, usimgombeze. Nimeiandika mimi, Wario. Hukuiandika wewe. Unaweza kuja sasa, huna cha kunibebea isipokuwa wewe mwenyewe.

Ado anakupakia Jumatano, akuweke mbele, si juu ya mizigo. Njoo na Istahil. Tutasoma hapa kwangu, mashekhe nimeshawaambia, na Peris amesema mkaa wa kupikia ni wake. Kisha mtanipeleka Sericho nikaone pale alipolala. Goti litajijua.

Usiniletee maziwa. Niletee shuka yake aliyokuwa akijifunika, na Istahil asiifue.

Tumba la nne bado limefumba. Ado akiharakisha utalikuta. Nimenusa peke yangu mara moja, siwezi tena.

Dada yako,
Tache